Sharti la Uzoefu

Ilikuwapo nchi, na hadi leo ipo, kwa kuwa hakuna aliyeipa kibali cha kuondoka. Jina lake silitaji, si kwa woga, la hasha, bali kwa sababu lilikuwa bado linapitiwa na kamati. Ilikuwa nchi yenye afya njema kupita kiasi. Waziri wa Siha alilitangaza hilo redioni kila Jumatatu, na wananchi waliokuwa wagonjwa walimsikiliza wakiwa wamelala, wakafarijika kujua kwamba wao si wengi.

Madaktari nao walikuwepo. Waliosema hawapo ni wale waliokwenda kuwatafuta hospitalini. Serikali iliwathamini sana madaktari wake, hata kila aliyeonekana kuijua kazi alipandishwa cheo upesi, asije akachoshwa na wagonjwa. Mmoja aliongoza Idara ya Mabango, mwingine alisimamia Maliasili. Bingwa wao wote, Profesa Kiobya, ambaye mikono yake ya upasuaji ilisifiwa hadi ng'ambo, alikabidhiwa Idara ya Itifaki na Viti. Kazi yake ilikuwa kupanga nani akae wapi katika sherehe za taifa.

Sasa, katika mji wa Mbaramwezi, ambako lami ilifika kwa njia ya hotuba tu, aliishi msichana aitwaye Siwema Luhanga. Mama yake alifariki Siwema akiwa shule ya msingi, kwa homa ambayo hakuna aliyeipa jina, maana mtu mwenye kazi ya kuzipa homa majina alikuwa amehamishiwa Maliasili. Toka siku hiyo Siwema hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa udaktari. Alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye mazoea ya kuung'ata mdomo wa chini kila alipofikiri, na kwa kuwa alifikiri mno, mdomo huo ulikuwa na kidonda kisichopona.

Aliyemsomesha ni Mwalimu Kigoda, mjane wa makamo aliyefundisha Biolojia, Kemia, Fizikia na, panapotokea upungufu, Upishi. Shule haikuwa na chura wa kupasua, kwa hiyo Mwalimu alimchora chura ubaoni, kisha akampasua kwa chaki, taratibu, huku akiwaonya wanafunzi wa mbele wasisogee. Siwema alifaulu masomo yote kwa daraja la juu kabisa. Jambo hilo halikuwahi kutokea Mbaramwezi, na wakaguzi wakatumwa kuja kuchunguza kitu gani kimeharibika.

"Nenda, mwanangu," Mwalimu Kigoda alimwambia siku ya kuondoka. "Watakusumbua. Wewe usijibu kwa hasira, jibu kwa adabu, halafu uliza tena."

"Na wakinikataa, mwalimu?"

"Watakukataaje na hayo matokeo? Kwani wana madaktari wangapi?"

Siwema akacheka, akapanda lori la mkaa, akaenda mji mkuu.

*

Chuo cha Tiba kilikuwa kimoja tu nchi nzima, jengo refu jeupe lenye ngazi nyingi, zilizojengwa makusudi ili wagonjwa wasifike. Ofisa Udahili aliitwa Bwana Tandamti. Alikuwa mtu mpole, mwenye tai pana na sauti ya mtu anayelaza mtoto.

"Karibu, dada. Kaa. Matokeo yako mazuri. Tusiyatie maanani sana, kila mtu anaweza kufaulu. Twende kwenye mambo ya msingi. Moyo wa huruma, unao?"

"Ninao, mheshimiwa."

"Kila mtu husema anao. Sisi tunataka picha ya eksirei."

Mashine ya eksirei ilikuwa moja katika nchi hiyo, na kwa ajili ya usalama wake ilikuwa imehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, ndani ya uzio wa kamba nyekundu. Siwema alikwenda akasimama mbele yake. Watalii wakampiga picha. Mtunza makumbusho akachukua moja ya picha hizo, akagonga muhuri nyuma yake na kuthibitisha kwamba moyo umo, na kwamba mwenye moyo alikuwa ametabasamu.

Ukafuata mtihani wa mwandiko. Siwema aliandika sentensi aliyopewa, na msimamizi akaisoma yote bila kukwama. "Huu unasomeka," alisema kwa masikitiko. "Binti, mgonjwa akisoma jina la ugonjwa wake si atashtuka?" Siwema akakaa wiki nzima kwenye chumba cha kulala wageni, akijizoeza kuandika kwa mkono wa kushoto huku amefumba macho. Alipofanya mtihani mara ya pili, msimamizi aligeuza karatasi juu chini, akashindwa kuisoma, akampongeza kwa kumshika mkono.

Siwema alirudi kwa Bwana Tandamti akiwa na furaha ambayo alijitahidi kuificha.

"Vizuri sana," Bwana Tandamti alisema. "Basi limebaki sharti dogo. Mwombaji awe amefanya kazi ya udaktari kwa muda usiopungua miaka miwili."

Siwema alidhani hakusikia sawasawa. Akaomba arudiwe, akarudiwa.

"Samahani, mheshimiwa. Kama ningekuwa nimeshafanya udaktari, ningekuja kuusomea?"

"Swali zuri. Hebu nijibu na mimi. Wewe ungekubali kutibiwa na mtu asiye na uzoefu?"

"Hapana."

"Umeona? Basi na sisi hatuwezi kumfundisha mtu asiye na uzoefu. Ataharibu vifaa."

"Vifaa gani, mheshimiwa?"

"Vitakavyonunuliwa."

Siwema alitoka, akakaa kwenye ngazi za chuo, akalia. Hakulia kwa sauti, lakini mabega yalimtikisika hata mlinzi akamwambia ahamie ngazi ya chini, kwani ile ilikuwa ya wahadhiri. Alifikiria kurudi nyumbani na kumwambia Mwalimu Kigoda kwamba amekataliwa. Kila alipoipanga sentensi hiyo kichwani, haikupangika.

Bwana Tandamti, akienda kula, alimkuta pale. Nilishasema alikuwa mpole. Roho ilimuuma.

"Usilie, dada. Serikali hii haishindwi na jambo. Kuna Kibali cha Daktari Mtarajiwa wa Muda. Tunakupeleka kwenu Mbaramwezi, unafanya udaktari miaka miwili, unapata uzoefu, unarudi hapa tunakufundisha udaktari."

"Lakini mimi sijui kitu!"

"Ndiyo maana unapewa kibali," Bwana Tandamti alisema kwa upole. "Anayejua anakihitaji cha nini?"

*

Hospitali ya Mbaramwezi ilikuwa na kabati la vidonge vya maumivu, chupa chache za dripu, na picha kubwa ya Mlezi Mkuu wa Taifa akikata utepe wa kabati hilo. Muuguzi aliyekuwepo alikuwa ameitwa mji mkuu kwenye semina kuhusu upungufu wa wauguzi. Semina haikuweza kufungwa kwa sababu washiriki walikuwa hawajatosha.

Asubuhi ya kwanza Siwema alikuta watu wamejipanga toka mlangoni hadi kwenye njia nyembamba ya sokoni. Walipomwona amevaa koti jeupe, wakampisha. Mzee mmoja akavua kofia.

"Shikamoo, daktari," akasema mzee yule, mtu wa umri wa babu yake.

Siwema alitaka ardhi ipasuke.

Alifanya alichoweza. Alisafisha vidonda kwa maji ya chumvi, alitoa vidonge vya maumivu kwa wenye maumivu, na kila jioni alikwenda kwa Mwalimu Kigoda wakapekua vitabu vya kidato cha sita, wakitafuta baina ya usanisinuru na uzazi wa mbegu kitu chochote kinachomhusu binadamu. Asichokijua alisema hakijui. Wagonjwa waliona huo ni unyenyekevu, wakampenda zaidi.

Halafu akaletwa Hidaya.

Hidaya alikuwa muuza maandazi, rika lake Siwema, walicheza pamoja utotoni. Mtoto alitoka salama adhuhuri, kwa msaada wa mama mkwe wake Hidaya aliyekuwa ameshazaa mara nyingi na kujua mengi ya kuzalisha. Wakapiga vigelegele. Kisha damu ikaanza. Haikuwa damu ya kukoma. Ililowesha kanga, ikalowesha godoro, ikaanza kudondoka sakafuni, na mama mkwe akaacha vigelegele, akamtazama Siwema.

"Daktari?"

Siwema alikimbilia ofisini. Ukutani palikuwa na tangazo: KWA USHAURI WA KITABIBU PIGA SIMU IDARA YA ITIFAKI NA VITI. Akapiga.

"Hapa Profesa Kiobya," ilisema sauti nzito.

"Profesa, niko Mbaramwezi, kuna mzazi anatokwa damu..."

"Nashukuru kwa simu yako. Awali ya yote niruhusu nimpongeze Mlezi Mkuu kwa kuweka mazingira wezeshi ambamo wazazi wote wa nchi hii, bila kujali itikadi zao, wanajifungua katika hali ya amani na utulivu. Pili, kama mnavyofahamu, serikali ipo katika mchakato wa..."

"Profesa!" Siwema alipiga kelele. "Mtoto ametoka, kondo la nyuma limetoka, damu haikomi! Anakufa! Nifanye nini?"

Siwema alidhani simu imekatika. Kisha ikasikika sauti nyingine, ya mtu yule yule lakini ya chini, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Tumbo lake likoje, gumu au laini?"

"Laini."

"Mfuko wa uzazi umelegea. Weka mkono chini ya kitovu, sugua kwa nguvu, mpaka uuone unakaza kama ngumi. Usimwonee huruma. Mpe mtoto aanze kunyonya sasa hivi. Mtundikie dripu. Usiache kusugua, unanisikia? Usiache."

Siwema akarudi mbio, akasugua. Alisugua hadi mikono ikafa ganzi, na Hidaya akamtukana matusi yote yanayojulikana sokoni, na mtoto akanyonya. Mwishowe, chini ya kiganja chake, kitu kikaanza kukaza. Damu ikapungua. Ikakoma. Mama mkwe akakaa sakafuni palepale penye damu, akaficha uso kwa kanga.

Siwema alirudi ofisini, akamwambia profesa kwamba damu imekoma.

*

Toka siku hiyo Profesa Kiobya akawa anapiga mwenyewe. Ofisini kwake kulikuwa na masikio mengi, na kutibu watu bila agizo la maandishi lilikuwa kosa la utumishi, kwa hiyo ilimbidi azungumze lugha ya viti.

"Kile kiti cha jana, mguu bado umevimba?" angeuliza.

"Umevimba, na una joto, profesa. Unatoa usaha."

"Fungua kitambaa, toa uchafu wote, safisha, usikishone. Kiache wazi."

Hivyo ndivyo Siwema alivyojifunza kufunga mfupa uliovunjika, kumrudishia maji mtoto anayehara, na kutofautisha kifua cha baridi na kifua cha kifua kikuu. Alikosea pia. Walikufa watu ambao pengine hawakupaswa kufa, na kila mmoja alimjua kwa jina, kwa kuwa Mbaramwezi ni mji mdogo. Alikonda. Usingizini aliota wagonjwa wakimwuliza maswali ya mtihani. Lakini alijiambia, muda unakwenda, nitafika chuoni, nitafundishwa, na baada ya hapo hakuna atakayekufa kwa ujinga wangu.

Wakubwa wakagundua. Wasaidizi wa profesa walishangaa viti vya serikali kuumwa kuhara. Kwa kuwa nchi ile haikuwa ya kuadhibu watu ovyo, Profesa Kiobya alipandishwa cheo, akateuliwa kuwa balozi katika kisiwa cha mbali chenye barafu na pengwini. Siwema alipopiga simu wiki ile, alipokelewa na kijana mchangamfu.

"Idara ya Itifaki na Viti, tunajali."

"Naomba Profesa Kiobya."

"Mheshimiwa Balozi ameshaondoka. Naweza kukusaidia kwa suala la kiti?"

Siwema akashusha simu. Hakuwahi kujiona peke yake namna ile, hata siku ya kwanza.

Ndipo Mwalimu Kigoda akaletwa kwenye mkokoteni wa kubebea maji.

Alikuwa na ngiri siku nyingi, aliificha chini ya nguo na kuifanyia mzaha. Sasa ilikuwa imebana. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, alitapika kitu cha kijani, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Siwema alimpapasa, na kabla hajamaliza kumpapasa akajua.

"Hii inataka kisu, siyo?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na kisu huna."

"Kisu ninacho. Sijui pa kukata."

Alipiga simu Wizara ya Siha kuomba gari la wagonjwa. Aliambiwa gari lipo, zima, lina mafuta, na liko tayari, lakini lilikuwa likiongoza maandamano ya Siku ya Afya na lisingeweza kutoka mstarini kabla ya Waziri kuhutubia. Akasema mtu anakufa. Akaambiwa ampigie Waziri makofi kwa niaba ya mgonjwa. Akapiga tena, akaomba, akatukana, akalia. Yule wa upande wa pili alikuwa binadamu, naye akaanza kulia, akasema, "Dada, hata mimi mama yangu yuko hivyo hivyo," kisha akakata.

Siwema alirudi kitandani na kile kisu. Mkono ulikuwa imara, jambo lililomshangaza. Mwalimu Kigoda akamshika kiganja.

"Weka chini."

"Mwalimu, niache nijaribu. Usipopasuliwa..."

"Najua. Unakumbuka tulipofika kwenye utumbo? Muhula uliisha. Niliwaambia tutaendelea." Alijaribu kucheka, maumivu yakamkatiza. "Sikukufundisha hapo, Siwema. Sitaki ujifunzie kwangu halafu uishi na hilo. Kaa tu. Nishike mkono."

Alikaa. Nje foleni ilikaa pia, hakuna aliyenung'unika. Mwalimu alifariki kesho yake alasiri, akiwa ameshikwa mkono, na redio ya jirani ilikuwa ikirudia hotuba ya Siku ya Afya.

*

Miaka miwili ilipotimia, Siwema alipanda zile ngazi za chuo tena. Bwana Tandamti sasa alikuwa Profesa Tandamti, cheo alichopata kwa kukaa muda mrefu karibu na maprofesa. Alikuwa mwenyekiti wa jopo, na alimfurahia kama ndugu.

"Dada yetu! Umekua. Waelezee wajumbe kidogo. Umewahi kufiwa na mgonjwa?"

"Nimefiwa na wengi."

"Na ukifiwa, hufanya nini?"

Siwema akafikiri. "Huwa naita anayefuata."

Wajumbe wakatazamana, mmoja akafuta miwani. Wakanong'ona, wakasimama, wakakaa. Profesa Tandamti akasafisha koo.

"Jopo limeguswa. Jopo limeridhika pasipo shaka kwamba wewe ni daktari. Kwa hiyo, kwa masikitiko makubwa, ombi lako limekataliwa. Chuo hiki ni cha watu wanaotaka kuwa madaktari. Kumfundisha mtu anachokijua ni ubadhirifu wa mali ya umma."

Siwema alipiga magoti.

"Wazee wangu, sijui! Naapa mbele ya Mungu sijui. Nimewazika watu kwa kutojua. Nifundisheni. Nitakaa sakafuni, nitafagia madarasa, nitasimama dirishani nisikilize. Nifundisheni pa kukata tu!"

"Mmemwona?" Profesa Tandamti aliwageukia wenzake, machozi yakimlengalenga. "Unyenyekevu. Hiyo ni dalili ya daktari bingwa. Tumpigie makofi."

Wakampigia makofi. Makofi yalipokwisha, profesa alimwinua kwa mikono yake mwenyewe, akampeleka pembeni.

"Usirudi kule, dada. Mtu kama wewe ni hazina. Idara ya Mabango ina nafasi ya naibu mkurugenzi. Ofisi ina feni, ina zulia. Hakuna damu."

Nisiseme uwongo, Siwema alishawishika. Alikifikiria chumba chenye zulia ambamo mtu hufunga mlango, na upande wa pili wa mlango hakuna anayekohoa. Alikitamani hadi mate yakamjaa. Kisha alisema atakwenda nyumbani kuchukua nguo zake.

*

Alifika Mbaramwezi asubuhi. Foleni ilikuwa palepale, kama aliyeiacha hakuwa ameondoka. Siwema hakuvaa koti. Alisimama kizingitini, mkoba begani, akawageukia watu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akapaza sauti hadharani.

"Nisikilizeni. Mimi si daktari. Sikuwahi kuwa daktari. Sijasoma, na hawatanisomesha. Mambo niliyowafanyia mengine nilikisia. Mwalimu Kigoda alikufa mbele yangu nikimtazama. Nisameheni. Nendeni."

Hakuna aliyesogea. Mbele kabisa alikuwa mvunja kokoto aliyejifunga mkono kwa shati, na shati lilikuwa limeloa damu. Alimtazama Siwema bila mshangao.

"Tunajua, mwanangu," akasema.

"Mnajua? Toka lini?"

"Toka siku ya kwanza. Ulikuwa unatetemeka. Daktari wa kweli hatetemeki, yeye haji kabisa."

Watu wachache wakacheka, kicheko kifupi kisicho na ubaya. Siwema alishika mwimo wa mlango.

"Kama mlijua, kwa nini mlikuja?"

Mvunja kokoto akatafakari swali hilo kwa uaminifu. Akageuka akawatazama waliokuwa nyuma yake, mama mwenye mtoto aliyelegea kama nguo iliyofuliwa, kijana aliyeinamia tumbo lake, bibi aliyeletwa mgongoni. Akatazama barabara iliyokwenda mji mkuu, tupu hadi mwisho wa macho. Kisha akamgeukia tena.

"Twende wapi?"

Damu kutoka kwenye lile shati ilidondoka kizingitini, tone, na tone lingine. Siwema akauweka mkoba chini.

"Inua mkono juu ya kichwa," akasema. "Juu zaidi. Ingia."